Jean Mermoz

Jean Mermoz (Aubenton, Ufaransa, 9 Desemba 1901 – Bahari ya Atlantiki, 7 Desemba 1936) alikuwa rubani kutoka nchini Ufaransa. Alijifunza urubani jeshini, kisha akawa rubani wa ndege za posta katika kampuni ya Latécoère, iliyoitwa baadaye Aéropostale, na mwishowe katika shirika la Air France. Anakumbukwa hasa kwa kuanzisha safari za usiku huko Amerika Kusini, kutafuta njia ya ndege juu ya milima ya Andes, na kuvusha barua kwa ndege kutoka Senegal hadi Brazil mwezi Mei 1930.

Maisha yake yanatajwa mara nyingi kama mfano wa kijana aliyepitia jeshini ili afike kwenye urubani wa kiraia. Mfano huo ni wa kweli, lakini njia yenyewe haikuwa nyepesi. Kati ya siku aliyovua sare na siku aliyopewa ndege ya posta palikuwa na miezi ya njaa, na hata baada ya hapo ilibidi asahau mambo kadhaa aliyofundishwa jeshini.

Utoto na masomo

Mermoz alizaliwa katika mji mdogo wa Aubenton, mkoa wa Aisne, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake, Jules Mermoz, alikuwa na hoteli. Mama yake, Gabrielle Gillet, alitengana na mumewe mtoto akiwa bado mdogo sana, na Jean akalelewa kwa sehemu kubwa na babu na bibi wa upande wa mama katika kijiji cha Mainbressy. Babu na bibi hao walikuwa watu wa nidhamu kali, na mtoto alikua mpole na mkimya, mwenye kupenda kusoma na kuchora. Mama yake alibaki kuwa mtu wa karibu naye kuliko wote hadi mwisho wa maisha yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, sehemu hiyo ya Ufaransa ilitekwa na Wajerumani. Baadaye familia ilihamia Aurillac, mbali upande wa kusini, na baada ya vita Jean alisoma Paris katika shule ya Voltaire. Hakufaulu mtihani wa mwisho wa sekondari, kwani alianguka katika sehemu ya maswali ya mdomo. Kwa kijana asiye na cheti, wala fedha, wala baba wa kumtafutia nafasi, milango iliyobaki wazi ilikuwa michache. Mmoja wapo ulikuwa jeshi.

Jeshini

Mwaka 1920 alijiandikisha kwa miaka minne na kuchagua usafiri wa anga. Siku hizo jeshi lilikuwa karibu shule pekee ya urubani kwa mtu asiye na mali. Masomo ya kiraia yalikuwa ghali, na ndege zenyewe zilikuwa zile zilizosalia kutoka vitani. Mermoz alipelekwa Istres, karibu na Marseille, ambako mafunzo yalifanyika katika hali ngumu na ajali zilikuwa jambo la kawaida. Alishindwa mtihani kabla ya kuufaulu, na akapata hati ya urubani mwanzoni mwa mwaka 1921.

Alipangiwa kikosi cha ndege za mabomu huko Metz, mashariki mwa nchi. Maisha ya kambi hayakumpendeza, kwa sababu siku nyingi zilipita bila kuruka, zikijaa gwaride, usafi na amri za maofisa wadogo. Akaomba kwenda Syria, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Ufaransa kwa kibali cha Shirikisho la Mataifa na ambako jeshi la Wafaransa lilikuwa likipambana na wenyeji waliopinga utawala huo. Ifahamike kwamba urubani wake wa mwanzo ulikuwa sehemu ya vita vya kikoloni, ingawa vitabu vingi vinavyomsifu hupita haraka juu ya jambo hilo.

Huko Syria ndiko alikoiva. Aliruka takriban saa 600, nyingi juu ya jangwa la Palmyra, katika joto, vumbi na upepo, kwa ndege ambazo injini zake hazikuaminika. Safari moja injini ilizimika mbali na kambi, na yeye pamoja na fundi wake wakalazimika kutembea jangwani siku kadhaa hadi kuokolewa, wakiwa karibu kufa kwa kiu. Saa hizo 600 ndizo zilizokuwa mtaji wake baadaye. Rubani aliyebaki katika kambi za Ufaransa miaka hiyohiyo angeweza kumaliza mkataba wake akiwa na sehemu ndogo tu ya saa hizo.

Aliporudi Ufaransa mwaka 1923 aliwekwa katika kikosi cha ndege za kivita huko Thionville. Aligombana na wakubwa wake, akaadhibiwa mara kadhaa, na mkataba ulipokwisha mwezi Machi 1924 hakuongeza hata siku moja.

Miezi ya njaa

Mermoz alifika Paris akiwa na miaka 22, nishani kutoka Syria, kitabu cha saa za kuruka na matumaini kwamba makampuni ya ndege yangempokea kwa mikono miwili. Hali haikuwa hivyo. Vita vilikuwa vimezalisha maelfu ya marubani, na makampuni ya kiraia yalikuwa machache na madogo, mengine yakiishi kwa ruzuku ya serikali. Kila nafasi moja iliombwa na wanaume wengi waliokuwa na nishani kama zake au kubwa zaidi.

Aliandika barua kwa viwanda na makampuni yote aliyoyajua. Wengine walijibu kwamba hakuna nafasi, na wengine hawakujibu kabisa. Fedha zilipokwisha alihamia vyumba vya bei ya chini, kisha nyumba za kulala maskini. Alifanya vibarua vya kila aina: kuandika anwani juu ya bahasha kwa malipo madogo, kuosha magari, kulinda usiku. Siku nyingine hakula. Alijitahidi kumficha mama yake hali hiyo, asije akamwonea huruma.

Sehemu hii ya maisha yake inastahili kusomwa polepole na wanafunzi wanaodhani kwamba hati ya urubani ikishapatikana, kazi hufuata yenyewe. Jeshi lilikuwa limempa ujuzi bila kumpa mwajiri. Tena ujuzi ule ulikuwa na mapungufu ambayo yeye mwenyewe hakuyaona hadi alipofika Toulouse.

Katika vuli ya mwaka 1924 ilifika barua ya kumwita Toulouse, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwenye kampuni ya Latécoère.

Kampuni ya Latécoère na jaribio la Toulouse

Pierre-Georges Latécoère alikuwa mwenye kiwanda aliyeunda ndege za jeshi wakati wa vita. Vita vilipokuwa vikielekea mwisho alitambua kwamba hakuna atakayenunua tena ndege za kivita, akabuni mpango ambao wengi waliuona kuwa wa kichaa: kupeleka barua kwa ndege kutoka Toulouse kupitia Hispania na Moroko hadi Senegal, na kutoka huko hadi Amerika Kusini. Safari ya kwanza kwenda Barcelona ilifanyika tarehe 25 Desemba 1918, wiki chache tu baada ya mapigano kusimama. Karibu kila kitu katika kampuni hiyo kilitoka jeshini. Ndege zilikuwa Breguet 14, zilizotengenezwa kwa ajili ya kudondosha mabomu. Marubani wengi walikuwa askari wa zamani, na hata msimamizi wa shughuli, Didier Daurat, alikuwa rubani wa vita.

Daurat alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyezungumza sana. Alikuwa amejifunza kwamba rubani shujaa wa vita si lazima awe rubani mzuri wa posta. Vitani rubani hutafuta adui, hujihatarisha, na akirudi salama husifiwa. Kwenye posta hatakiwi kutafuta chochote. Anatakiwa kufika saa iliyopangwa, leo, kesho na keshokutwa, mvua inyeshe au isinyeshe, na ndege iwe nzima kwa ajili ya mwenzake atakayeipokea. Kwa hiyo kila rubani mpya, hata awe na nishani ngapi, alianza kwa kuvaa bwelasuti na kufanya kazi na mafundi. Mermoz alipewa kazi ya kusafisha silinda za injini kwenye karakana ya uwanja wa Montaudran, akaishi pamoja na wenzake katika hoteli ya Grand Balcon mjini Toulouse.

Siku ya jaribio ilipofika, Mermoz alitaka kuonyesha yote aliyojifunza jeshini. Aliipandisha ndege kwa nguvu, akaizungusha, akaigeuza na kuishusha kwa madaha mbele ya wenzake. Alipotua, Daurat alikuwa ameshaondoka uwanjani. Akaambiwa kwamba kampuni haina haja na wanasarakasi, na kwamba afungashe mizigo yake. Wenzake wawili walijua jambo lingekwenda hivyo. Mermoz, kwa hasira, alianza kukusanya vitu vyake. Ndipo Daurat alipompa nafasi ya pili: aruke, apande taratibu, azunguke uwanja kwa upole, atue bila mbwembwe. Akafanya hivyo, akapokelewa. Hata hivyo alirudishwa kwanza karakanani.

Kisa hiki kimesimuliwa na wengi na pengine kimeongezwa chumvi kidogo katika kusimuliwa, lakini kiini chake kinakubaliwa na watu waliokuwapo. Mermoz mwenyewe baadaye aliwatazama marubani wapya kwa jicho lilelile la Daurat.

Hispania na Sahara

Alianza na safari za Toulouse hadi Barcelona, kisha Barcelona hadi Málaga. Breguet 14 haikuwa na paa, rubani alikaa kwenye upepo, na hakuwa na redio. Alitegemea dira, saa, na macho yake. Ukungu ulipofunika milima ya Pirenei, njia ilikuwa kufuata pwani au kupita chini kabisa mabondeni. Katika mwaka wake wa kwanza kamili, 1925, alisafiri kilomita zipatazo 120,000, akapewa nishani na klabu ya urubani ya Ufaransa. Idadi hiyo ya saa katika mwaka mmoja ilizidi ile aliyoipata katika muda wake wote huko Syria. Kwa kipimo hicho, shule yake kubwa ilikuwa posta kuliko jeshi.

Mwaka 1926 alihamishiwa sehemu ya Casablanca hadi Dakar, iliyokuwa imefunguliwa mwezi Juni mwaka uliotangulia. Ndege zilipita juu ya Sahara ya Kihispania, eneo ambalo utawala wa Wahispania uliishia kwenye ngome chache za pwani. Makabila ya huko hayakuwa na sababu ya kuwapenda Wazungu waliopita angani bila kuomba ruhusa, na ndege iliyoanguka ilionekana kama riziki, kwa maana rubani angeweza kukombolewa kwa fedha. Kwa sababu hiyo ndege zilisafiri mara nyingi mbilimbili, zikiwa na mkalimani aliyejua lugha za jangwani.

Mwezi Mei 1926 injini ya Mermoz ilimtupa jangwani, akakamatwa. Aliachiliwa baada ya kampuni kulipa fidia ya peseta 1,000. Alikuwa na bahati. Mwezi Novemba mwaka huohuo marubani wenzake Érable na Pintado waliuawa baada ya kutua jangwani, na Gourp, aliyekuwa nao, akafa baadaye kwa majeraha.

Tarehe 10 na 11 Oktoba 1927, akiwa na Élisée Négrin, aliruka kutoka Toulouse hadi Saint-Louis nchini Senegal bila kutua mahali popote, kwa ndege ya Latécoère 26. Ilikuwa dalili kwamba ndege mpya zingeweza kufanya mambo ambayo Breguet za vita zisingeweza. Mwaka huohuo Latécoère aliuza sehemu kubwa ya kampuni kwa Marcel Bouilloux-Lafont, mfanyabiashara mwenye shughuli nyingi Amerika Kusini, na jina likawa Compagnie générale aéropostale.

Amerika Kusini na safari za usiku

Mwishoni mwa mwaka 1927 Mermoz alipelekwa Amerika Kusini akiwa rubani mkuu. Machi 1928 huduma ya posta kati ya Toulouse na Buenos Aires ilifunguliwa rasmi. Barua zilisafiri kwa ndege hadi Senegal, zikavushwa Atlantiki kwa meli ndogo ziendazo kasi, kisha zikapakiwa tena kwenye ndege huko Natal, Brazil.

Tatizo lilijulikana mapema. Ndege ilishinda meli na treni mchana, lakini usiku ilipolala, treni na meli ziliendelea na safari. Faida yote iliyopatikana mchana ilipotea kabla ya alfajiri. Mermoz akaona kwamba dawa ni moja tu, kuruka usiku. Marubani wengi walipinga. Hapakuwa na taa njiani wala vituo vya redio vya kuongoza ndege, na pwani ya Brazil ina milima inayoingia hadi baharini.

Mermoz hakuwalazimisha, alitangulia mwenyewe. Aprili 1928 alifanya safari ya kwanza ya usiku kwenye njia ya Rio de Janeiro hadi Buenos Aires, akiongozwa na mbalamwezi, mstari wa povu la bahari ufukweni, na mioto iliyowashwa viwanjani kumwonyesha pa kutua. Baada yake wengine walifuata, na katika muda mfupi safari za usiku zikawa za kawaida. Antoine de Saint-Exupéry, aliyefanya kazi katika kampuni hiyohiyo huko Argentina, alitumia mazingira hayo katika riwaya yake kuhusu safari za usiku iliyochapishwa mwaka 1931.

Milima ya Andes

Kutoka Buenos Aires kampuni ilitaka kufika Santiago, mji mkuu wa Chile. Kati ya miji hiyo miwili imesimama milima ya Andes, ambayo kilele chake kirefu kabisa, Aconcagua, kinakaribia mita 7,000. Ndege ya Latécoère 25 iliyokuwapo haikuweza kupanda zaidi ya mita 4,500 hivi. Kwa maneno mengine, haikuweza kuivuka milima, iliweza tu kupenya katikati yake, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Machi 1929 Mermoz na fundi wake Alexandre Collenot waliingia milimani kutafuta njia. Upepo wa kushuka, ambao juu ya milima mirefu unaweza kuisukuma ndege chini kwa nguvu kuliko injini inavyoweza kuipandisha, uliwatupa juu ya kitambarare kidogo cha mawe kwenye kimo cha karibu mita 4,000. Miguu ya ndege iliharibika. Usiku baridi ilikuwa chini kabisa ya kiwango cha maji kuganda, nao walikuwa na nguo nyepesi na chakula kidogo sana.

Collenot ndiye shujaa wa siku hizo, ingawa jina lake halijulikani kama la rubani wake. Kwa vipande vya chuma, waya na kamba alivyoviondoa sehemu zisizo za lazima, aliiunga miguu ya ndege. Mabomba ya maji ya kupozea injini yalikuwa yamepasuka kwa kuganda, naye akayaziba kwa chochote alichopata, vitambaa na ngozi. Wakatupa kila kitu kilichoongeza uzito, kisha wakaisukuma ndege kidogo kidogo hadi sehemu ya juu ya mteremko.

Kitambarare kilikuwa kifupi mno kwa ndege kupata kasi ya kuruka. Mermoz alikagua kwa miguu na kuona kwamba chini ya ukingo kulikuwa na vitambarare vingine, kila kimoja chini ya mwenzake. Mpango wake ulikuwa kuiachia ndege ianguke ukingoni, iguse kitambarare cha pili na kuruka kwa mdundo, kisha kile cha tatu, mpaka kasi itoshe. Ndivyo ilivyokuwa. Ndege ilishika hewa, ikapita bondeni, ikafika Copiapó, upande wa Chile, huku maji yakivuja kwenye mabomba yaliyozibwa.

Mtu anaweza kuuliza kama huo si usarakasi uleule uliokatazwa na Daurat. Tofauti ni kwamba huu ulitokana na hesabu ya mtu asiye na njia nyingine, tena aliyekuwa amepima ardhi kwa nyayo zake. Mermoz hakupendekeza njia hiyo iwe ya kawaida. Alichodai ni ndege inayoweza kupanda juu zaidi. Kampuni ilileta Potez 25, na kwa ndege hiyo, mwezi Julai 1929, yeye na rafiki yake Henri Guillaumet walifungua safari za posta kati ya Buenos Aires na Santiago. Guillaumet aliivuka milima hiyo mara nyingi sana, na Juni 1930 alitembea siku tano ndani ya theluji baada ya ndege yake kushindwa na dhoruba.

Kuvuka Atlantiki

Kilichobaki kilikuwa bahari. Meli zilizovusha barua zilichukua siku kadhaa, na ndizo zilizokuwa kiungo cha polepole kuliko vyote katika mnyororo ule. Atlantiki ya Kusini ilikuwa imekwisha kuvukwa na ndege kabla ya hapo; Wafaransa Costes na Le Brix waliivuka bila kutua Oktoba 1927. Kazi ya Mermoz ilikuwa tofauti, kwani alitakiwa kuivuka akiwa na mzigo wa barua, na kuonyesha kwamba inaweza kurudiwa.

Serikali ilitaka ndege yenye uwezo wa kuelea, kwa hiyo Latécoère 28 ilifungwa maboya badala ya magurudumu, na Mermoz akarudi darasani kupata hati ya kurusha ndege za majini. Aprili 1930, katika kuijaribu, aliruka zaidi ya kilomita 4,300 kwa kuzunguka njia moja kwa muda wa saa 30 hivi, jambo lililokuwa rekodi kwa ndege za aina hiyo.

Tarehe 12 Mei 1930 aliondoka Saint-Louis akiwa na Jean Dabry, mwelekezi wa njia, na Léopold Gimié wa redio. Walibeba barua zenye uzito wa kilo 130 hivi. Ndege ilikuwa na injini moja tu. Usiku waliingia katika ukanda wa karibu na ikweta ambako pepo za kaskazini na kusini hukutana, penye mawingu mazito meusi na mvua ya joto, wakapita chini kabisa juu ya maji kutafuta mianya. Asubuhi ya tarehe 13 Mei walitua Natal, baada ya saa 21 hivi na kilomita zaidi ya 3,100.

Kurudi kulikuwa kugumu zaidi. Kwa wiki kadhaa ndege, ikiwa imejaa mafuta, ilikataa kunyanyuka majini kwa sababu ya ukosefu wa upepo, na majaribio mengi yalishindikana. Iliporuka mwezi Julai, oili ya injini ilianza kuvuja njiani. Gimié aliita kwa redio meli ya kampuni iliyoitwa Phocée, na Mermoz akatua kando yake kwenye mawimbi. Watu na magunia ya barua viliokolewa, lakini ndege ilizama.

Mwezi Agosti mwaka huo alimwoa Gilberte Chazottes, binti wa familia ya Kifaransa iliyoishi Argentina.

Kutoka Aéropostale hadi Air France

Mwaka 1931 Aéropostale ilifilisika, ikiburutwa na mgogoro wa uchumi wa dunia na siasa za Paris. Mipango ya Atlantiki ilisimama. Mermoz alipata tumaini jipya kwa mhandisi kijana René Couzinet, aliyeunda ndege ya injini tatu iliyoitwa Arc-en-Ciel, yaani Upinde wa Mvua. Tarehe 16 Januari 1933 aliivusha kutoka Saint-Louis hadi Natal kwa saa 14 na dakika 27. Mwezi Mei alirudi nayo, ingawa injini moja ilileta matatizo baharini. Kwa ndege ya 1930 hitilafu kama hiyo ilimaanisha kuanguka majini, ila kwa Arc-en-Ciel ilimaanisha wasiwasi tu. Tangu hapo Mermoz alidai bila kuchoka ndege za nchi kavu zenye injini nyingi, lakini serikali iliendelea kupendelea ndege za majini.

Mwaka huohuo, 1933, makampuni makubwa ya ndege ya Ufaransa yaliunganishwa kuwa Air France, iliyonunua pia mali ya Aéropostale. Mermoz aliendelea kuruka ndani ya shirika jipya na akafikia cheo cha mkaguzi mkuu. Katika miaka hiyo aliingia pia siasa. Alijiunga na chama cha wanajeshi wa zamani kilichoitwa Croix-de-Feu, cha mrengo wa kulia, na kilipopigwa marufuku mwaka 1936 akawa makamu wa mwenyekiti wa Parti social français iliyochukua nafasi yake. Uamuzi huo uliwagawa watu waliompenda, na hadi leo wanahistoria wa Ufaransa hawakubaliani kuhusu uzito wake.

Kifo

Februari 1936 ndege ya majini ya Air France iitwayo Ville de Buenos Aires ilipotea Atlantiki na wote waliokuwamo. Mmoja wao alikuwa Collenot. Kifo hicho kilimwathiri Mermoz sana.

Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 1936 Mermoz aliondoka Dakar kwa ndege ya injini nne, Latécoère 300 iliyoitwa Croix-du-Sud, kwa safari ambayo ingekuwa ya 24 kwake kuvuka Atlantiki ya Kusini. Pamoja naye walikuwa Alexandre Pichodou, Henri Ézan, Edgar Cruveilher na Jean Lavidalie. Baada ya muda mfupi alirudi, kwa kuwa propela ya injini moja haikufanya kazi sawasawa. Hapakuwa na ndege nyingine iliyo tayari. Mafundi waliikagua, na kabla ya saa moja asubuhi ndege ikaruka tena na barua zake. Saa 4:47 asubuhi kituo kilipokea ujumbe mfupi wa redio kwamba wanazima injini ya nyuma ya upande wa kulia. Baada ya hapo hapakusikika lolote. Msako wa meli na ndege haukupata hata kipande. Wengi walihisi kwamba propela ilichomoka na kuvunja mwili wa ndege, lakini hakuna ushahidi. Ilikuwa siku mbili kabla ya kutimiza miaka 35.

Baada yake

Mwanzoni mwa mwaka 1937 taifa lilimfanyia ibada ya heshima huko Invalides, Paris, na posta ya Ufaransa ikatoa stempu zenye sura yake. Maandishi yake yalichapishwa mwaka huo kwa jina la Mes vols, na mwaka 1938 rafiki yake, mwandishi Joseph Kessel, alitoa kitabu cha maisha yake ambacho kinasomwa mpaka leo. Saint-Exupéry naye alimweka katika kurasa za Terre des hommes mwaka 1939. Guillaumet alikufa mwaka 1940 ndege yake ilipotunguliwa juu ya Mediteranea, na Saint-Exupéry mwaka 1944.

Mjini Dakar mtaa mzima unaitwa Mermoz, na shule za Kifaransa za Dakar, Abidjan na Buenos Aires zina jina lake. Uwanja wa Montaudran, alikosafisha silinda, hautumiki tena kwa ndege, na barabara yake ya kurukia imehifadhiwa kama sehemu ya historia ya Toulouse.